Raba Tatu

Injini imelala juu ya tairi la lori,
dizeli, imetolewa kwenye Haisi iliyofia Mbagala,
na Hailaksi ya Bwana Mchopa inaisubiri kifua wazi
hapa Mkuti, Masasi, nyuma ya duka la salfa.
Ile ya petroli tumekwisha kuiuza kwa kilo.

Kuinua si kazi, winchi inainua.
Kazi ni vitu vitatu vinene kama vitumbua:
maunti mbili za ubavuni, moja ya giaboksi.
Bila hizo injini ni mgeni asiye na kitanda.
Ukikosea kuzichagua,
ni mgeni anayebomoa nyumba.

Nimezipanga juu ya gunia kama muuza samaki.
Hizi za mtumba, raba ya Japani.
Bonyeza kwa dole gumba: bado ina nyama.
Ila moja ina ufa, mwembamba kama unywele;
raba huzeeka hata ikiwa kabatini.
Hizi mpya, boksi linang'aa,
jina la kampuni limekosewa herufi moja,
zinanuka gundi.
Na hizi nyekundu, plastiki ngumu ya magari ya mashindano.
Kanuti amezipenda tangu alipozifungua,
anazigonga kwa spana, zinalia kama meza.
"Hizi hazikatiki, bosi Somoe."

Kweli, hazikatiki.
Kisichonepa humpasia jirani tabu zake.
Mtetemo usipoila raba utaila chesisi,
utalegeza bawaba, utapanda usukani,
utafika kitini.
Na kitini, kila Alhamisi, hukaa Binti Likwata,
mama yake Mchopa, na nyonga yake yenye chuma,
kwenda Ndanda hospitali na kurudi,
mkono mmoja kwenye dashibodi,
haongei mpaka lami iishe.

Basi laini?
Laini nayo ina siku yake.
Ijumaa gari hilohilo linapakia korosho Kitangari,
magunia mpaka spring zinacheka,
na dizeli ikivuta kilimani haivuti kwa adabu:
inajipinda, ubavu wa kulia unakandamiza,
wa kushoto unanyanyuka
kama mtu aliyekasirika kikaoni.
Raba ya kulia inabanwa, hiyo itaishi.
Ya kushoto inavutwa.
Niliwahi kuona moja imekatika pale Mtandi,
feni ikala rejeta, maji yakafuata mtaro,
abiria wakamtukana fundi aliyetangulia.
Fundi aliyetangulia nilikuwa mimi.

Mchopa kapiga simu: "Weka yoyote ya bei rahisi,
nitamalizia mnada ukilipa."
Mnada gani, sikumuuliza.

Nimechukua mtumba nzima, nikaipa kushoto.
Yenye ufa nimeipeleka kulia,
huko itabanwa, na ufa ukibanwa hufumba mdomo.
Giaboksi nimeipa ile ya gundi;
giaboksi haichagui sana, ni kama mjomba.
Halafu kushoto nikafunga pingu mbili za mnyororo,
zimelegea kidogo, zisivute mpaka siku ya kuvuta.
Kanuti amenuna. Zile nyekundu kazirudisha boksini
mojamoja, kama anayelaza watoto.

Jioni tukaiwasha.
Moshi, kisha moshi kidogo, kisha mngurumo.
Binti Likwata alikuwa tayari kakaa mbele,
hakuna aliyemwita.
Akasikiliza kwa nyonga.
"Inakohoa," akasema, "lakini hainisukumi."
Nikapima kati ya feni na rejeta: vidole viwili.
Vyangu. Vya Kanuti ni kimoja na nusu.

Nimemwambia Mchopa arudi baada ya siku kumi
tukaze boliti zote upya, bure.
Ameitikia huku akiangalia barabara.
Hatarudi. Huwa hawarudi
mpaka mnyororo uanze kuongea.